Watoto mbele ya sanaa ya kisasa: namna ya kuongoza ziara ya saa moja Mombasa

Mtoto wa miaka saba akisimamishwa mbele ya turubai lenye rangi tatu tu, mara nyingi hanyamazi kwa kukosa la kusema. Ananyamaza kwa kuwa ameshamsoma mwalimu usoni, ameona kuna jibu linalosubiriwa, naye hana. Mengi yanayoharibika katika ziara za watoto yanaanzia hapo. Anayeongoza hakwenda kufafanua picha. Amekwenda kumkawiza mtoto mbele ya kitu kimoja mpaka macho yaanze kutafuta yenyewe, kisha kumtaka aonyeshe ni wapi hasa amekiona hicho anachokisema. Idadi ya watoto, idadi ya kazi za kutazamwa, dakika za kusimama, vyote vinafuata kutoka hapo.

Mahali na siku

Mombasa haina makumbusho makubwa ya kudumu ya sanaa ya kisasa. Tulichonacho ni maonyesho yanayokuja na kuondoka: kwenye kumbi za Fort Jesus, Alliance Française, kuta za hoteli na mikahawa. Ulizia mapema picha zinateremshwa lini, maana onyesho fupi likikupita limekupita. Likikosekana kabisa, usighairi. Zile sanamu za pembe za ndovu za alumini za Moi Avenue, zilizosimamishwa miaka ya 1950, zinafaa: ni kubwa, hazina maelezo ya kumtisha mtoto, na kila mtoto wa mjini ameshazipita bila kuzitazama. Zitazameni mkiwa upande wa bustani ya Uhuru. Magari hupita chini ya pembe zenyewe, na mtoto anayerudi nyuma hatua kwa hatua ili aione ile herufi M zinayoiunda haangalii tuktuk inayomjia mgongoni.

Kabla ya kutaja siku, uliza ratiba ya madrasa. Watoto wengi wana madrasa jioni za wiki na asubuhi za Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa mchana usiiguse. Ukiruhusiwa na shule, saa tatu asubuhi siku ya katikati ya wiki ndiyo bora: jua halijawa kali, ukumbi hauna watu. Wanaotoka Likoni waongezewe saa nzima kwa ajili ya feri.

Watoto wasizidi 12 kwa kundi, na watu wazima wawili: mmoja anaongoza mazungumzo, mwingine anasimama nyuma na hasemi neno. Picha yenye upana wa sentimita 60 haiwezi kutazamwa na zaidi ya hao. Safu ya nyuma itaona visogo tu na itaanza kufinyana. Mkiwa 24, gaweni makundi mawili, moja likitazama huku jingine likichora nje.

Nenda peke yako kwanza

Siku moja au mbili kabla, nenda ukachague kazi tatu. Tatu zinatosha. Nne ni nyingi kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi, na ukumbi mzima ni matembezi tu. Chagua moja isiyo na mtu wala kitu kinachotambulika, moja iliyotengenezwa kwa vitu asivyovitarajia (waya, magunia, vyuma chakavu), na moja yenye mtu au tukio. Anza na hiyo ya vitu, kwa sababu mtoto hahitaji ujasiri kusema "hiki ni kizibo cha soda". Isiyo na umbo iwe ya pili, wakati wamechangamka. Yenye mtu iwe ya mwisho, maana hadithi hutoka hata kwa aliyechoka.

Piga magoti mbele ya kila uliyoichagua. Kutoka kimo cha mtoto, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, kioo cha fremu huakisi dirisha au taa, na picha uliyoiona vizuri ukiwa umesimama inageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Tafuta pembe ambayo mwanga haupigi, uikumbuke, ndipo utakapotandika mkeka. Sanamu nayo izungukwe yote: ikiwa imesukumwa ukutani, achana nayo.

Ukiwa huko, angalia kama kuna miili iliyo uchi, damu, au mambo ya mizimu. Mombasa hili halipuuzwi. Wapo pia wazazi wasiopenda picha za viumbe hai kwa sababu ya dini, na ni haki yao kujua mapema. Andika kwenye barua ya ruhusa kazi tatu mtakazotazama, moja baada ya nyingine. Mzazi aliyeelezwa mapema hana ugomvi. Aliyesikia kutoka kwa mtoto chakula cha usiku ndiye atakayekuja shuleni kesho yake.

Zungumza na mwenye ukumbi juu ya mambo matatu: kukaa chini, kuchora kwa penseli, na umbali. Kwa kawaida mkono mmoja wa mtu mzima, sentimita 60 hivi, unatosha. Omba ruhusa ya kubandika selotepu ya karatasi sakafuni kama mpaka. Mstari unaoonekana unakuokoa na kusema "msiguse" mara arobaini, na sauti inayosema "msiguse" ndiyo inayofunga midomo.

Vya kubeba

Kwa watoto 12: karatasi 36 za ukubwa wa nusu ya A4, penseli 15 zilizochongwa (tatu zitavunjika au kupotea), vipande 12 vya katoni vya kuandikia juu yake, mikeka miwili, maji ya kunywa ambayo hayaingii ukumbini. Kalamu za wino na rangi za maji ziache. Wino ukiruka kwenye turubai hautoki.

Tengeneza pia vidirisha. Kata katoni ya sentimita 10 kwa 15, na katikati toboa tundu la 3 kwa 4. Mtoto anayeona turubai kubwa limemzidi anaweka kidirisha mbele ya jicho moja na kuchagua kijisehemu. Kifaa kidogo, lakini ndicho kinachowaokoa wenye haya: badala ya kuulizwa anaonaje picha nzima, anaulizwa nini kimeingia kwenye dirisha lake.

Chakula kiliwe kabla, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mafuta ya mahamri na viazi karai hubaki kwenye vidole muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, na alama ya kidole kwenye karatasi au mbao isiyopakwa vanishi haionekani siku ile. Huja kuonekana baadaye, imegeuka kahawia. Ubuyu ni balaa zaidi. Rangi yake nyekundu hushika vidole, midomo na pembe za daftari, na mtoto mwenye mfuko wa ubuyu mfukoni hana subira ya kungoja nje. Mifuko ikaguliwe mlangoni, bila kelele.

Mazoezi ya leso

Juma moja kabla, tandaza leso, yaani khanga, darasani. Watoto wa Pwani wameshakua wakiisoma bila kujua kwamba wanasoma: wanajua pindo liko wapi, mji uko wapi, jina liko wapi. Kunja sehemu ya jina isionekane. Waulize rangi gani imerudiwa, umbo gani ni kubwa, macho yao yametua wapi kwanza na yakaenda wapi baadaye. Kisha wakisie jina, na kila anayekisia aonyeshe alichokiona. Dakika kumi na tano zinatosha. Faida yake ni kwamba siku ya ziara, mbele ya mistari na madoa yasiyo na mtu wala mti, unaweza kuuliza "pindo la hii liko wapi?" na watajua unachotaka.

Dakika moja ya kimya, kisha maswali matatu

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika makumbusho ya Metropolitan, New York: kwa wastani wageni walitazama kazi moja kwa sekunde 27 hivi. Hao ni watu wazima. Kwa hivyo dakika nzima ya kimya kwa watoto haiji yenyewe, ipe kazi. "Midomo imefungwa. Tafuta kitu kimoja ambacho jirani yako hatakiona." Shika saa. Sekunde ya thelathini wataanza kukutazama wewe. Usiwatazame, tazama picha. Nusu ya pili ndiyo yenye mavuno.

Baada ya hapo, maswali ni matatu tu. Yanatokana na njia iliyobuniwa na Philip Yenawine na Abigail Housen huko Marekani, na hayahitaji ujue chochote kuhusu msanii:

"Hapa pana nini kinachotendeka?"
"Umekiona wapi hicho?"
"Kuna nini tena?"

La pili ndilo linalobeba mzigo. Usilibadilishe kuwa "kwa nini unasema hivyo?" "Kwa nini" ni swali la mtoto aliyevunja glasi, naye atajitetea au atanyamaza. "Wapi" linampeleka kwenye picha. Linganisha. Mtoto anasema, "Naona mashua inazama." Ukimjibu "Vizuri sana!" amemaliza, na wengine wote wataanza kuona mashua, kwa kuwa mashua imesifiwa. Ukiuliza "Umeiona wapi, Saumu?" atanyosha kidole: "Pale chini, mwalimu, pale buluu imekatika na nyeupe imeingia." Sasa watoto kumi na mmoja wanatazama mahali buluu inapokatika, na mmoja atasema yeye anaona ni mawingu. Wewe rudia tu walichosema kwa maneno yako, bila kuchagua mshindi: "Saumu anaona mashua pale rangi inapokatika. Rashidi mahali papo hapo anaona mawingu. Kuna nini tena?"

Dakika nane hadi kumi kwa kazi moja. Ikizidi hapo mazungumzo huanza kujirudia, hata kama yalikuwa matamu. Kata yakiwa bado yana moto.

Kuhusu lugha: waache waseme kwa lugha wanayoiota. Mtoto anayelazimishwa Kiingereza cha darasani atakupa maneno mawili, kwamba picha ni nzuri na ina rangi. Huyohuyo kwa Kiswahili, Kigiriama au Kidigo atakwambia ni rangi ya bizari iliyoungua. Rangi za vitu zina nguvu kuliko orodha ya darasani: maji ya kunde, damu ya mzee, ukwaju, kutu ya mabati. Akisema "nyekundu", uliza nyekundu ya nini.

Yanayoharibika, na sababu zake

Mtoto mwepesi. Kila kundi lina mmoja anayejibu kabla swali halijaisha, na wenzake wamezoea kumwachia. Kumnyamazisha hakusaidii. Kabla ya mazungumzo ya kundi, waambie wanong'onezane wawili wawili kwa sekunde thelathini, kisha kila mmoja aseme alichoona *mwenzake*. Mwepesi analazimika kusikiliza, na mwenye haya anasemewa bila kusimama.

Mchezo wa kukisia. Wakianza kurusha majibu kama bahati nasibu ("samaki! ndege! Spiderman!"), ujue swali lako lilikuwa "hiki ni nini?" au "inafanana na nini?" Kazi isiyo na umbo haiulizwi hivyo. Uliza kilichofanyika: brashi ilikwenda upande gani? Rangi ipi iliwekwa kwanza na ipi ikaja juu yake? Wapi alikuwa na haraka, wapi alitulia? Ushahidi upo, kwenye mchirizi na ukingo, na mtoto wa miaka sita anaweza kuuona.

"Hata mimi naweza kuchora hii." Litasemwa, na mara nyingi na mvulana wa miaka kumi. Usimkemee wala usianze hotuba ya historia ya sanaa. Mpe karatasi: "Haya, ichore. Dakika nne." Watoto wote wachore naye. Watagundua wenyewe kwamba ule mraba hauko katikati kama walivyodhani, na kwamba mstari uliosogea kidogo unaiangusha picha yote upande mmoja. Wengine watafanikiwa kabisa, na hilo pia ni jibu la kweli. Muulize aliyefanikiwa ni uamuzi gani ulikuwa mgumu.

Maelezo ya ukutani. Mtoto anayejua kusoma hukimbilia kibao, na akishakisoma hatazami tena. Kifunike kwa karatasi kama mwenye ukumbi ameridhia, au mtu mzima wa pili asimame mbele yake. Kisomwe mwisho, na kwanza vifaa tu na mwaka. "Chuma, kamba ya katani, 2019" inaamsha mazungumzo upya. Aya ndefu ya mtaalamu inayazika.

Sanamu na vyungu vinajibiwa kwa mwili. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, hujenga vyungu vyake kwa mkono, bila gurudumu, na vina mabega, shingo na tumbo kama mtu. Mbele ya kazi ya namna hiyo, watoto wa miaka minne hadi sita wasimame kama chungu: uzito uko mguu gani, kidevu kinaelekea wapi. Simu iliyo na picha ya mtoto aliyesimama hivyo inaeleza zaidi ya sentensi atakayoiandika. (Picha bila mmweko, na uliza kwanza kama zinaruhusiwa.)

Wa miaka kumi na mbili hadi kumi na nne wana tabu yao: wanaogopa kuonekana wajinga mbele ya wenzao. Kwao kimya kiwe dakika mbili, na waandike kabla ya kusema. Sentensi tatu: naona…, nadhani…, najiuliza… Kusanya, changanya, soma bila majina. Utashangaa nani aliandika nini, na wao pia.

Kujibu kwa mikono

Kuchora ukumbini ni kwa ajili ya kuona. Kutengeneza kuje siku inayofuata shuleni, wakiwa wamelala na picha zile kichwani. Wakionyeshwa kwanza picha iliyochapishwa ya kazi mbili, watafanya vizuri zaidi. Ya kwanza iwe ya El Anatsui, msanii wa Ghana aliyezaliwa 1944, anayeunganisha vifuniko vya chupa vya alumini kwa waya wa shaba hadi vikawa kama nguo kubwa ya kuning'inia. Ya pili iko karibu na nyumbani: Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyotumika na kufunikwa ndara zilizookotwa ufukweni, kama 30,000, liliingia majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Kwa watoto 12, pazia la vizibo vya soda linahitaji vizibo 108, tisa kwa kila mtoto, na mita 12 hivi za waya laini wa kufungia uliokatwa vipande vya sentimita 6. Mtu mzima avitayarishe jana yake. Pondaponda kizibo kwa nyundo juu ya jiwe mpaka meno yake yalale, kwani hayo ndiyo yanayokata vidole. Weka juu ya ubao laini, upande wa rangi ukitazama juu, utoboe matundu manne kwa msumari wa nchi mbili, kila moja milimita tatu hivi kutoka ukingoni. Ukitoboa kutoka upande wa ndani, ncha kali hutokeza kwenye uso wa rangi. Ukitoboa kutoka juu hutokeza nyuma, na pigo moja la nyundo linazilaza.

Kila mtoto aunganishe mraba wa vizibo vitatu kwa vitatu: viungo 12. Kabla ya kufunga waya wowote, apange rangi mezani na aeleze amechukua nini kutoka kwenye kazi aliyoiona jana. Bila hatua hii zoezi linageuka ufundi wa mikono tu. Viungo visikazwe, pazia linalokunjika limetokana na waya uliolegea, na waliokaza sana watapata kitu kigumu kama bati. Miraba 12 ikiunganishwa mitatu kwa minne utapata pazia la sentimita 35 kwa 45 au zaidi kidogo. Mwisho wa kila waya ukunjwe kwa koleo uingie nyuma.

Wadogo wasioweza waya wabandike vipande vya leso chakavu kwenye katoni. Gundi: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina vikombe vitatu vya maji yanayochemka, rudisha motoni dakika tatu huku ukikoroga, ongeza kijiko cha chumvi. Kwa joto la Mombasa tumia siku hiyohiyo au kesho yake. Ya siku ya tatu inanuka. Ipakwe nyembamba, la sivyo katoni itapinda kabla haijakauka.

Mkitaka kuzionyesha kazi hizo, usibandike kwa selotepu kwenye ukuta wa chokaa: unyevu wa bahari utaiachilia usiku na itashuka na chokaa. Vuta kamba kati ya misumari miwili, kimo cha macho ya watoto wenyewe, na utumie vibanio vya nguo. Chini ya kila kazi weka sentensi moja aliyoisema mtoto siku ile ukumbini, ilivyotoka mdomoni mwake. Kuinakili kabla haijasahaulika ndiyo kazi ya yule mtu mzima wa pili aliyesimama nyuma bila kusema neno, kwa hiyo mpe daftari tangu asubuhi.